"Deceptively shallow": maji ni mafupi au ni marefu? Uzi kuhusu kielezi kinachowagawa hata wenye lugha yao

Wanajamvi, salaam.

Mara nyingi mtu akiuliza humu maana ya neno la Kiingereza, mjadala hufungwa na yule wa kwanza kubandika picha ya ukurasa wa kamusi. Kwa neno la leo picha hiyo haitatusaidia sana, kwa kuwa baadhi ya kamusi zenyewe zimekiri kwamba lina matumizi mawili yanayopingana. Neno ni "deceptively", kielezi kinachotumika pale ambapo sura ya kitu na hali yake halisi havilingani. Nimeamua kulifungulia uzi wake kwa sababu nakutana nalo mno katika tafsiri ninazohariri, na kila mara nalikuta limetafsiriwa "kwa udanganyifu", jambo ambalo karibu kila mara huharibu sentensi.

Tuanze na sentensi moja: "The pool is deceptively shallow." Je, msemaji anatuambia kwamba maji ya bwawa hilo ni mafupi kuliko yanavyoonekana, au kwamba yanaonekana mafupi ilhali ni marefu? Kamusi ya American Heritage ya nchini Marekani ilikuwa na jopo la waandishi, wahariri na wanazuoni ambao iliwauliza maoni yao kuhusu matumizi yenye utata, na sentensi ya bwawa ilikuwa miongoni mwa maswali hayo. Asilimia 50 walijibu kwamba maji ni mafupi kuliko yanavyoonekana. Asilimia 32 wakajibu kwamba ni marefu kuliko yanavyoonekana. Asilimia 18 waliobaki wakasema kwamba haiwezekani kuamua. Hao ni watu wanaoishi kwa kalamu, na lugha ni yao. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kigoma au Kakamega anayekwama mbele ya neno hili hana sababu ya kudhani kwamba tatizo ni Kiingereza chake.

Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba "deceptively" hutuarifu jambo moja tu kwa uhakika, yaani kuna tofauti kati ya kinachoonekana na kilichopo. Halituarifu kivumishi kinachofuata kimesimama upande gani, wa sura au wa hali halisi. Hilo tunaachiwa tulitafute wenyewe, na zipo njia za kulitafuta.

Utata unatoka wapi

Vielezi vya Kiingereza vinavyokaa mbele ya kivumishi havifanyi kazi moja. Mtu akisema "surprisingly tall", anakusudia kwamba mtu huyo ni mrefu kweli, na juu ya urefu huo anaongeza mshangao wake mwenyewe. Akisema "seemingly tall", urefu ni wa machoni tu, na huenda ukipima ukakuta mambo mengine. Kielezi cha kwanza hukiacha kivumishi upande wa ukweli, cha pili hukisogeza upande wa sura. Shida ya "deceptively" ni kwamba halijachagua kambi. Linaweza kusomwa kama "surprisingly", likamaanisha kwamba sifa hii ipo, ila jicho haliioni. Na linaweza kusomwa kama "seemingly", likamaanisha kwamba sifa hii jicho linaiona, ila haipo. Usomaji wote wawili unafuata sarufi bila kosa lolote, na ndiyo maana huwezi kumshinda mwenzako kwa kumwonyesha kanuni.

Kamusi za Oxford ziliwahi kulieleza jambo hili kwa mifano miwili ambayo naiona bora kuliko maelezo marefu. Uso ulio "deceptively smooth" ni ule unaoonekana laini ilhali si laini hata kidogo, lakini chumba kilicho "deceptively spacious" ni kile kisichoonekana kikubwa ilhali kina nafasi ya kutosha. Neno ni lile lile, muundo ni ule ule, na maana zimegeuziana migongo. Maelezo hayo yalimalizia kwa kumshauri mwandishi alitumie neno hili kwa tahadhari au asilitumie kabisa, ushauri ambao si wa kawaida kutoka kwa watu ambao kazi yao ni kukusanya maneno.

Mazoea, na kanuni ninayoipendekeza

Pamoja na hayo yote, msomaji mzoefu wa Kiingereza hababaiki kila anapolikuta neno hili, kwa kuwa mengi ya matumizi yake yamekwisha kuwa mazoea. "Deceptively simple", ambayo labda ndiyo inayotumika kupita zote, humaanisha kwamba jambo linaonekana rahisi lakini ndani yake kuna ugumu au ufundi mkubwa. "Deceptively easy" na "deceptively calm" huenda njia hiyo hiyo: mtihani unaoonekana mwepesi, bahari inayoonekana shwari. Ukigeukia upande wa pili, mtangazaji wa mpira akisema kwamba winga fulani ni "deceptively quick", anakusudia kwamba mchezaji huyo ana mbio kweli, isipokuwa mwendo wake haumfanyi aonekane hivyo. Mlima ulio "deceptively steep" ni mkali kuliko unavyoonekana ukiwa chini, na mzigo ulio "deceptively heavy" utakuumiza mgongo.

Wengi hukomea hapo na kusema kwamba ni lazima ukariri jozi moja moja. Mimi naona kuna mpangilio. Tazameni tena mifano hiyo mkiuliza ni kipi kilichofichika. Katika "simple" kilichofichika ni ugumu, katika "calm" ni hatari, katika "quick" ni kasi, katika "spacious" ni nafasi, katika "heavy" ni uzito. Kila mara kilichofichika ni kile kilicho kikubwa zaidi, chenye nguvu zaidi au chenye matokeo zaidi. Msemaji, kwa lugha nyingine, anaonya kwamba kuna mengi kuliko yale unayoyaona. Kivumishi kikitaja udogo, wepesi au utulivu, basi kimesimama upande wa sura. Kikitaja ukubwa, kasi au nguvu, kimesimama upande wa hali halisi. Kanuni hii si sheria, na sijaikuta imeandikwa popote kwa namna hii, lakini nimeijaribu katika sentensi nyingi na imenifikisha salama katika sehemu kubwa ya hizo.

Bwawa linaipa shida kanuni hii, na sababu yake inafundisha. "Shallow" ni kivumishi cha udogo, kwa hiyo kanuni ingetuambia kwamba maji yanaonekana mafupi lakini ni marefu. Hata hivyo, bwawani hatari ina milango miwili: asiyejua kuogelea anahofia maji marefu, na anayetaka kupiga mbizi anahofia maji mafupi, kwa kuwa ndiyo yanayovunja shingo. Anayesoma kibao akiwa amesimama ukingoni tayari kujirusha, ufupi wa maji ndio kwake jambo kubwa lililofichika, na hapo kivumishi kinahamia upande wa hali halisi. Nadhani wale asilimia 50 walimfikiria mpiga mbizi na wale 32 walimfikiria mtoto, ingawa hilo ni kisio langu tu.

Kuna jambo la kando ambalo siwezi kuliacha. Wanaokumbuka somo la mwanga shuleni wanajua kwamba mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani, na kwa sababu hiyo maji yakitazamwa kutoka juu huonekana mafupi kuliko yalivyo. Maji yenye kina cha mita 2 huonekana kama yana mita 1.5 hivi, kwa kuwa kina halisi hugawanywa kwa takribani 1.33. Kwa upande wa fizikia, basi, kila bwawa la maji safi hulihadaa jicho kwa namna moja tu, nayo inawaunga mkono wale wachache. Lugha haikulazimika kufuata fizikia, wala haikufuata. Kwa vyovyote vile, anayetengeneza kibao cha tahadhari na aandike kina kwa mita na kuongeza "Usipige mbizi", halafu kielezi hiki awaachie wahakiki wa vitabu.

Ndugu zake ambao hawana utata huu

Naona watu wakilichanganya "deceptively" na maneno mengine ya familia ya mwonekano, kwa hiyo nayapitia kwa ufupi. "Seemingly" nimekwisha kuligusa: kivumishi chake hukaa upande wa sura daima. "Apparently" halistahili kuwekwa katika kundi la kupotosha, kwa kuwa katika Kiingereza cha leo mara nyingi linamaanisha "nasikia" au "inaelekea". Mtu akikuambia "The bank has apparently closed", anakupa habari ambayo hajaithibitisha, wala hadai kwamba kuna sura ya uongo.

Linalotaka uangalifu zaidi ni "ostensibly". Limetokana na kitenzi cha Kilatini "ostendere", kuonyesha, nalo hutumika hasa kwa lengo lililotangazwa hadharani ambalo msemaji ana shaka nalo. "The meeting was ostensibly about school fees" ina maana kwamba mkutano ulitangazwa kuwa wa ada za shule, na msemaji anadokeza kwamba huenda kulikuwa na jingine. Katika mazungumzo tuna neno moja dogo linalotosha kabisa: "Mkutano uliitishwa eti kujadili ada za shule." Nikimsikia mtu akisema Kiswahili hakina neno la "ostensibly" au "supposedly", huwa najiuliza kama amewahi kusikiliza majirani wakigombana. Ubaya wa "eti" ni kwamba lina kejeli, na katika ripoti ya ofisi au habari ya gazeti kejeli hiyo hairuhusiki. Wafasiri wengi hapo hukimbilia "kwa kisingizio cha", nalo naliona ni kali kupita kiasi, kwa sababu "ostensibly" linatia shaka tu ilhali "kisingizio" kimekwisha kutoa hukumu. Afadhali kuandika "kwa maelezo ya waandaaji" au "lengo lililotangazwa lilikuwa", kisha sentensi inayofuata ibebe shaka hiyo.

Kulileta katika Kiswahili

Sasa nirudi kwenye "kwa udanganyifu". Katika Kiswahili udanganyifu ni tendo la mwenye nia. Mtahiniwa hufanya udanganyifu, mfanyabiashara hufanya udanganyifu, lakini swali la hesabu haliwezi kufanya udanganyifu, na ukiandika kwamba swali ni "rahisi kwa udanganyifu" msomaji atadhani kuna mtu ameiba mtihani. Kielezi cha Kiingereza hakihitaji mdanganyifu. Kinahitaji tu jicho linalokosea. Kwa sababu hiyo tafsiri nzuri hulianzia jicho: "swali linaloonekana rahisi ilhali lina mtego", "nyumba iliyo kubwa kuliko inavyoonekana kwa nje", "mchezaji ambaye kasi yake haionekani mpaka akupite". Sentensi huwa ndefu kidogo, na sioni ubaya, kwa kuwa urefu huo unamlazimisha mfasiri kuamua kivumishi kimesimama upande gani. Anayetafsiri kwa neno moja huuhamisha utata wote akamwachia msomaji.

Katika masimulizi tuna silaha kali zaidi, yaani "kumbe". "Tuliiona njia fupi, kumbe!" Kinachofuata baada ya hapo hakihitaji hata kutajwa. Hata hivyo "kumbe" huripoti ugunduzi uliokwisha kutokea, kwa hiyo halifai katika maelekezo, mikataba wala maonyo, ambako msomaji anatakiwa kujua kabla mambo hayajamfika.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba wahenga walizitenganisha pande mbili hizi ambazo Kiingereza kimezifunga katika neno moja. Kwa kitu ambacho sura yake inazidi hali yake walituachia "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti". Kwa kitu ambacho hali yake inazidi sura yake walituonya tusimwone simba aliyenyeshewa tukamdhania paka. Na kwa "deceptively simple" yenyewe, inayosemwa juu ya kazi inayoonekana nyepesi kwa sababu fundi aliificha jasho yake, sijaona mahali popote kauli inayoifikia "Usione vyaelea, vimeundwa".

Nyongeza: majibu kwa waliochangia hapa chini

Mchangiaji mmoja amesema kwamba hii ni dalili ya lugha mbovu na kwamba Kiswahili hakina upuuzi wa neno moja kujipinga lenyewe. Namwomba afikirie kitenzi "azima". Tunasema "Nimeazima jembe kwa jirani", na jembe limekuja kwangu. Tunasema pia "Nimemwazima jirani jembe", na jembe limetoka kwangu. Ni kitenzi kimoja cha kutoa na kupokea. Kinachotuokoa ni kiambishi cha mtendwa, ambacho huonyesha mali imeelekea wapi, na "deceptively" halina kiambishi cha namna hiyo. Kiarabu nacho kina maneno ya aina hii mengi kiasi kwamba wanazuoni wake wa kale waliyapa jina la pamoja, adhdadi, na kuyatungia vitabu. Kwa hiyo tusiwacheke Waingereza peke yao.

Mwingine, ambaye anaandika kutoka Lubumbashi na aliyesoma kwa Kifaransa, ameuliza kama neno hili lina uhusiano na "décevoir". Lina uhusiano wa damu. Yote mawili yanatoka katika Kilatini "decipere", kunasa au kulaghai, na Kiingereza kililipata kupitia Kifaransa cha kale. Isipokuwa katika Kifaransa cha leo "décevoir" ni kumvunja mtu moyo, na "déception" ni lile sikitiko la mtu aliyekosa alichotarajia. Wasomaji wa Kongo na Burundi wanaojifunza Kiingereza baada ya Kifaransa wawe macho hapo, kwa kuwa anayeandika "The film was a deception" akikusudia kwamba filamu haikumridhisha, Mwingereza atamwelewa kwamba filamu ilikuwa ulaghai.

Swali la tatu lilikuwa kama kuna njia ya kulitumia neno hili bila utata wowote. Zipo mbili. Ya kwanza ni kuliweka baada ya kitenzi cha kuonekana: "The road looks deceptively flat". Hapo "looks" imekwisha kutuambia kwamba tambarare hiyo ni ya machoni, na hakuna atakayebishana. Ya pili ni kuliambatanisha na kitenzi cha kawaida badala ya kivumishi, kama "He smiled deceptively", ambapo linarudi kwenye maana yake ya msingi na kuna mdanganyifu halisi, kwa hiyo hata "kwa hila" inafaa kama tafsiri. Waliopendekeza "deceivingly" wajue kwamba wamebadilisha nguo tu. Utata ni ule ule, na neno lenyewe halitumiki sana. "Misleadingly" kidogo lina nafuu, kwa kuwa huegemea upande wa sura.

La mwisho limetoka kwa anayetafuta nyumba ya kupanga Uingereza, ambaye amekutana na "deceptively spacious" katika tangazo baada ya tangazo. Kwa madalali wa huko maneno hayo ni kama salamu. Mwaka 1991 ilitungwa sheria ya kuwabana wanaotoa maelezo ya uongo kuhusu nyumba zinazouzwa, na nafikiri msemo huu ulipendwa kwa sababu haudai jambo lolote linaloweza kupimwa kwa futi. Dalali anakusudia kwamba ndani kuna nafasi kuliko unavyodhani ukiwa barabarani, na hapo tafsiri yake ni "kubwa kuliko inavyoonekana". Mpangaji mwenye mashaka anaweza kuisoma kwamba picha zimepigwa zikaikuza nyumba, na sarufi haitamkataza. Tangazo la pili alilolibandika, lenye "deceptively affordable", limenishinda hata mimi. Kwa mdomo wa muuzaji linapaswa kumaanisha kwamba nyumba inaonekana ya gharama lakini bei yake inafikika. Kwa kanuni niliyoipendekeza hapo juu lingemaanisha kwamba inaonekana rahisi lakini kuna gharama zimefichwa, kama amana, kodi ya halmashauri na bili za kupasha joto. Aulize bei yote kwa jumla, kwa maandishi, kabla hajapanda treni kwenda kuiona.

Naomba kuwasilisha.